Kitanda cha Juu

Katika bweni hilo la jela ya watoto, sheria ya wavulana ilikuwa na nguvu kuliko ya serikali: anayekwenda zahanati, akirudi analala sakafuni kando ya ndoo ya mkojo na kuwafulia wenzake nguo. Hata kama kaenda kufungwa kidole tu. Wakubwa waliowafungia watoto hawa kwa wizi wa kuku na simu, wakadai wanawarekebisha, sheria hiyo waliijua fika. Iliwapunguzia wagonjwa.

Nyundo, kijana wa miaka kumi na sita, alilala kitanda cha juu, penye dirisha. Alikipata kwa ngumi. Kwa hiyo msumari wa karakana ulipotoboa kandambili na kuzama unyayoni, aliuchomoa mwenyewe, akapaka majivu, akaendelea kupiga randa.

Jumapili mama yake akaja kumtazama.

"Mbona unachechemea, baba?"

"Mpira tu, mama."

"Hebu nione."

Wenzake walikuwa benchi la pili, masikio wima. Mguu ulikuwa unapwita. Alitamani kuuweka mapajani mwa mama yake, basi.

"Mama bwana! Kwani mi mtoto?"

Askari akacheka. "Mwache, mama. Hilo dume."

Mama akaondoka, anageuka nyuma kila hatua.

Kesho yake taya zikaanza kukaza. Uji ukamshinda. Kufika mchana shingo imekuwa ubao, mgongo unajipinda kama upinde, jasho chapachapa. Sasa alitaka zahanati. Sasa kulala kando ya ndoo na mkojo wake aliona ni kama peponi. Alijaribu kusema "niitieni askari", meno yakakataa kuachana. Ukatoka mngurumo tu.

"Mwoneni mwamba!" akasema Chuma, wa kitanda cha chini yake. "Maumivu yote hayo, chozi hakuna!"

"Tena anacheka! Tazama meno hayo," akadakia mwingine.

Wakampigia makofi.

Kando ya ndoo alikaa mmoja waliyemwita Dada, kwa sababu aliwahi kwenda kutibiwa kikohozi. Ndiye pekee aliyemtazama Nyundo machoni.

"Hacheki huyo. Anakufa!"

Akaurukia mlango, akaugonga kwa viganja vyote viwili.

"Nani anapiga kelele humo?" askari akauliza kutoka nje.

Nyundo akanguruma. Chuma akatazama kitanda cha juu, akatazama ndoo.

"Ni Dada tu, afande."

Viatu vikaenda zake. Dada akaendelea kugonga, peke yake. Wanaume wote walikuwa wamekaa vitandani.