Mteja Asiye na Taa

Shimba alipopanga chumba changu cha uani hapa Mirongo, mwaka ule wa kabla ya Uhuru, aliniomba hamira. Nikampa nikidhani anaoka mkate. Kumbe aliitia kwenye mapipa ya molasi, yale maji meusi mazito ambayo kiwanda cha sukari ng'ambo ya ziwa huwa kinayamwaga.

"Vijidudu vya hamira vinakula utamu, mama," alinieleza. "Vikishiba nachemsha, natoa spiriti ya kuwashia karabai. Wavuvi wa dagaa wanaingoja."

"Hiyo si ndiyo gongo?"

"Natia mafuta ya taa. Hata mlevi ataitema."

Barazani kwangu watoto ishirini husoma Kurani, chuo alichokianzisha marehemu mume wangu. Habari ya gongo ingetoka tu kwenye mlango wangu, wazazi wangewachukua watoto wao, na wangekuwa na haki.

Basi nikawa naangalia. Wavuvi walikuja na karabai zao, wakazijaribu pale pale. Lakini Mayala, kibarua wa kiwanda cha pamba, alikuja Jumamosi tatu mfululizo na chupa tupu. Taa sikuiona hata siku moja.

Jumamosi ya nne, watoto walipokwisha kuondoka, nikaingia kwa Shimba.

"Tia mafuta ya taa, nione."

Akatia kwenye madebe mawili ya spiriti, huku anapiga mluzi.

"Na lile nyuma ya mlango?"

"Lile bado, mama. Halijachacha hata."

Nikachovya utambi humo, nikawasha kiberiti. Ukashika mara moja, moto wa buluu. Kitu ambacho hakijachacha hakiwaki vile. Mluzi ukakoma.

"Mama Sada, ni debe moja tu."

"Na Mungu ni mmoja."

Nikatia mafuta kwa mkono wangu.

Mayala alipofika, nikampa chupa mimi mwenyewe. Akazibua, akanusa.

"Mbona inanuka mafuta ya taa?"

"Kwani wewe unaiwashia nini?"

Akamwangalia Shimba. Shimba akaangalia bomba lake la shaba la kupitishia mvuke. Mayala akaiweka chupa chini, akaenda zake, na hajarudi.

Shimba nilimwacha akae, maana spiriti yenyewe inawafaa wavuvi. Ila mafuta ya taa yanakaa chini ya kitanda changu, na kila akimaliza kuchemsha lazima aniite. Nikisikia mluzi kabla sijaitwa, naacha hata uji jikoni, nakwenda na utambi wangu.