Saa ya Wagiran na Magharibi Iliyosogezwa

Wewe hukuona. Viatu ulivivaa, ukavipiga brashi, ukavisifu mbele za watu. Mkono uliobandika soli hukuutazama, na gazeti lilipoandika mistari mitatu juu ya kifo cha mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Tangerang "aliyerudi kiwandani baada ya saa za kazi kwa sababu zake mwenyewe", ulifungua ukurasa wa mpira. Basi kaa chini usikilize, maana wako wasiosahau.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Ngatinah alitandika foronya nyeupe juu ya meza ya kulia. Akapanga bisibisi ya kukazia miwani, kibano cha nyusi, vijiti vya meno, na kikombe kitupu cha kufunikia kazi isiingie vumbi. Katikati akaiweka saa ya mkono ya marehemu mumewe, Wagiran. Ilikuwa saa ya bei rahisi, ya kutia ufunguo, na kioo chake kilikuwa kimekwaruzika. Kiwanda kiliirudisha ndani ya bahasha pamoja na barua ya pole, akrabu zake zimesimama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni.

Asubuhi ile fundi wa sokoni alimrudishia bila hata kuifungua.

"Mama, saa ya namna hii haitengenezwi. Inatupwa, inanunuliwa nyingine."

"Ndivyo walivyosema juu ya mwenyewe," Ngatinah alimjibu, akaivingirisha kwenye leso.

Aliitaka iwe inatembea siku ya elfu. Katika kichochoro chao marehemu hupikiwa karamu siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, mwaka wa kwanza, wa pili, na siku ya elfu. Siku hiyo ya mwisho jiwe huwekwa kaburini, naye marehemu huja nyumbani kula kwa mara ya mwisho, kisha haji tena. Siku huhesabiwa tangu alipokufa, na siku huanza jua linapozama. Aliyekufa kabla ya magharibi ni wa leo. Aliyekufa baada yake ni wa kesho. Mzee Kasbi, mwongoza dua, alihesabu kwa vifundo vya vidole kama ilivyoandikwa kwenye barua ya kiwanda, saa kumi na mbili na nusu, akasema siku ya elfu itapikiwa Jumapili jioni.

Tatizo lilikuwa Wagiran mwenyewe. Mara zote sita alikuja jioni moja kabla. Alivua ndara mlangoni, akakaa kwenye benchi, akakuta jiko baridi.

"Wageni wako wapi, Mama Lestari?"

"Kesho, Baba Lestari. Umewahi tena."

"Kila nikija ni kesho. Nimekufa, na bado mnanipanga foleni?"

Ngatinah alikuwa akimpa chai iliyopoa na mikate mikavu ya kamba wa baharini iliyobaki kwenye debe. Alikula akinung'unika, akaondoka. Majirani walisema hata alipokuwa hai hakuwa na subira.

Basi Ngatinah akaingiza ncha ya kisu cha kumenyea vitunguu kwenye pengo dogo la kifuniko cha nyuma, akakipindua. Kifuniko kikaruka, kikaanguka kwenye bakuli la mchele. Alikuwa amekwisha kujifundishia kwenye saa mbovu ya mtumba na kuiua kabisa, kwa hiyo hakufadhaika. Alipiga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, akalegeza kamani taratibu, akatoa skrubu ya kwanza, akapiga picha tena. Skrubu ya pili ilimponyoka kwenye kibano, ikalia *ting*, isionekane. Akaendelea.

Gurudumu dogo la kwenda huku na huku, ambalo ndilo moyo wa saa, lilikuwa limekamatwa na punje ya kitu cha njano. Akainusa kwenye ncha ya kijiti. Ilikuwa gundi ya soli. Akaibandua, akarudisha skrubu iliyobaki, akatia ufunguo mara tatu. Gurudumu likacheza, na kiwanda kikatoka.

Kwanza ilitoka mivumo ya cherehani, kisha harufu ya gundi, kisha mashine ya kukanda mpira, ile yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakitazamana. Chumba kikajaa. Vikombe vikatetemeka kabatini.

"Ngatinah!" Tumirah, jirani, aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Punguza kiwanda chako, mjukuu wangu amelala!"

"Samahani, dada!"

Akaligusa gurudumu kwa kijiti cha meno. Kiwanda kikanyamaza kama bomba lililofungwa. Akafunga dirisha, akaondoa kijiti. Kiwanda kikaendelea pale kilipoachia.

"Kinga ya mashine iko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Wagiran.

"Msumarini." Huyo alikuwa msimamizi wa zamu. "Inapunguza kasi. Kanda, bwana, zimebaki jozi mia mbili."

"Mkono wangu ukienda hauoti mwingine, bosi."

"Usiniletee vichekesho saa kumi na nusu. Kanda."

Yaliyofuata Ngatinah aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakuligusa gurudumu. Baadaye zilisikika nyayo nyingi, mtu akitapika, na king'ora cha saa kumi na moja cha kutoka kazini. Kisha msimamizi, kwa sauti ya chini:

"Ana saa kwenye mkono ule mzima. Ipeleke mbele."

"Mpaka wapi, bosi?"

"Mpaka magharibi ipite."

Akrabu zikakwaruza, *krrr*, halafu kiwanda kikanyamaza, ikabaki tiktiki ya saa.

Ngatinah akafunika kila kitu kwa kikombe. Akaenda kwa Mzee Kasbi, akamkuta akimwagilia pilipili, akamweleza. Mzee akahesabu upya vifundo vya vidole.

"Basi ni Jumamosi," alisema. "Mara sita tumemsomea dua ameshaondoka. Na sisi tukamwita mwenye pupa."

Ijumaa Ngatinah aliibeba saa mpaka ofisi ya kiwanda, akaifungua mezani. Karani wa wafanyakazi alimpa maji, akasikiliza yote tangu cherehani mpaka *krrr*. Mwishoni akafungua faili.

"Tumeisikia, Mama. Lakini saa hii imefunguliwa na mtu ambaye si fundi."

"Wangapi kati ya mafundi wenu wangeweza kutoa sauti hiyo?"

"Ndiyo hoja yetu. Ingefunguliwa na fundi, isingesema kitu." Akaandika kwamba saa ina kelele, akapiga muhuri. "Saa ya kampuni inabaki kumi na mbili na nusu."

"Ibaki," Ngatinah akasema. "Yenu imeandikwa kwa wino. Yangu naipeleka kwa mchonga mawe."

Jumamosi kichochoro kizima kilikaanga vitumbua vya apem siku moja kabla ya mipango. Tumirah alilalamika tangu asubuhi.

"Nazi zangu zinaletwa kesho! Nitakuna nini, kichwa cha karani?"

"Ni kigumu, dada. Kitaharibu mbuzi."

Jua lilipozama Wagiran akavua ndara mlangoni. Akakuta mikeka, watu arobaini, mlima wa wali wa njano, kahawa yake na sigara yake ya karafuu, na saa juu ya sinia, ikitembea. Akahesabu mikeka.

"Leo hamkuchelewa."

"Hatukuchelewa hata siku moja, Baba Lestari. Tulicheleweshwa."

Akakaa, akala sahani tatu. Kisha akaiweka saa sikioni.

"Umeifungua wewe?"

"Nani mwingine?"

"Umebakisha skrubu ngapi?"

"Moja. Imeniruka."

"Si mbaya kwa mwanafunzi." Akamrudishia. "Baki nayo. Kule hakuna zamu."

Dua ilipokwisha alivaa ndara zake. Skrubu ilikuwa imekwama kwenye soli ya ndara ya kushoto; akaing'oa kwa ukucha, akaiweka kizingitini, akaenda. Hakurudi tena.

Kesho yake jiwe likawekwa. Limechongwa jina lake, *Jumanne, saa kumi na nusu alasiri*, na chini yake, *Akiwa kazini*. Kampuni ilituma mtu kuomba mstari wa mwisho ufutwe. Mchonga mawe akamwambia patasi yake inajua kwenda mbele tu.

Jumatatu mtu mwingine tena aliwekwa kwenye mashine ileile. Anaitwa Sarpin, ana mke na mapacha. Kinga ingali msumarini. Barua ingali inasema kumi na mbili na nusu. Saa ya Wagiran inakwenda mbele dakika nne kwa siku, kazi ya mwanafunzi, na kila jioni Ngatinah huirekebisha kwa adhana. Kila alasiri, saa kumi na nusu, Ngatinah husimama langoni mwa kiwanda, hukifungua kifuniko kwa kisu cha vitunguu, na kiwanda husikika ndani na nje kwa pamoja. Walinzi huongeza sauti ya redio. Yeye huongeza ufunguo.

Na wewe? Pale unapofanyia kazi, au anapofanyia mwanao, ipo mashine, na kinga yake unajua ilipotundikwa. Usiniambie kesho; kesho ndiko walikoisogeza magharibi ya Wagiran. Weka karatasi hii chini. Simama sasa hivi, iondoe ile kinga msumarini, uifunge mahali pake, na atakayekuuliza nani kakutuma, mwambie ni saa ya Wagiran.