Nyekundu ya Harbottle

Vidole viwili vya Reuben vilizikwa Jumapili nyuma ya kanisa, ndani ya kopo la chai. Mzee Enoch Thackley, baba mkwe wake, ndiye aliyechimba kishimo. Reuben alisimama pembeni, mkono umefungwa kitambaa, akijaribu kucheka.

"Vimetangulia kunishikia nafasi, baba."

"Hebu nyamaza," akasema Keziah, mkewe. "Kesho si unarudi kule kule katikati?"

Alirudi kweli. Kazi yake ilikuwa kuingia kati ya mabehewa mawili ya makaa huku yanasogea, kuutupa mnyororo kwenye kulabu, kisha kuchomoka kabla hayajagongana. Wanaume wa kazi ile ungewajua kwa mikono yao.

Enoch alikuwa fundi wa kalibu katika kiwanda cha Bwana Harbottle: alichonga kwa mti kila kitu kilichokuja kumiminwa kwa chuma. Mchana kutwa alichonga kulabu zile zile zilizomla mkwewe vidole. Jioni, kwenye meza ya jikoni, akaanza kuchonga kitu chake. Miezi saba akakikalia. Kilikuwa kama viganja viwili vinavyopeana mkono: behewa likiligusa jingine, yanashikana yenyewe, na mtu amesimama kando, mikono mfukoni. Mti ulikuwa wake, mguu wa kitanda alichofia mkewe.

Alipomaliza, alifanya alichokuwa akikifanya kwa miaka thelathini na moja: akakipaka rangi ili kisinyonye unyevu. Kila kiwanda mjini kilikuwa na rangi yake, na kikopo kilichokuwa chini ya ngazi kilikuwa cha nyekundu ya Harbottle. Hata hakufikiri.

Bwana Harbottle aliwahi kuwa fundi mwenyewe. Alianzia kwenye tanuri moja nyuma ya nyumba ya mama yake, akabuni breki iliyompa jina, na sasa alikuwa na watu mia nne na hajagusa nyundo miaka ishirini. Enoch alipompelekea kile kitu ofisini, alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Alikielewa papo hapo.

"Umekitengeneza wapi?"

"Nyumbani kwangu, bwana. Mkwe wangu yuko kwenye mabehewa, ndiyo maana nimekuja mbio."

"Nyumbani." Akakigeuza dirishani. "Na rangi hii nayo ni ya nyumbani?"

Enoch akaiona kwa mara ya kwanza. "Mazoea tu, bwana."

"Chenye nyekundu hii ni cha kiwanda, Thackley. Nenda kwa hakimu yeyote, atakwambia hivyo hivyo."

"Basi kichukue, bwana. Sitaki jina. Kitengenezwe tu."

"Kwa wakati wake."

Kabla ya Krismasi hataza, hati ya kumiliki ubunifu ule, ilitoka kwa jina la Harbottle. Hakuna kilichomiminwa. Enoch akamfuata Pilling, msimamizi wa karakana.

"Mzee wangu, ghala limejaa kulabu mpaka mlangoni," Pilling alisema bila kumtazama. "Watu wa reli wanazinunua, na vijana wa kuzifunga hawajaisha. Nani atahangaika na kipya?"

Februari, Reuben aliteleza kwenye barafu. Walimtoa kati ya mabehewa mawili bado ameung'ang'ania mnyororo kwa mkono wa vidole vitatu. Jopo la uchunguzi lilikaa dakika kumi, likasema marehemu alizembea.

"Kile kitu chako kiko wapi, baba?" Keziah aliuliza usiku wa matanga. Aliuliza mara moja tu, na Enoch alitamani ardhi immeze.

Mei kilijulikana kilipo. Kilikuwa kwenye maonyesho ya London, juu ya meza yenye kitambaa cha mahameli, kimefungwa kwenye vibehewa viwili vya kuchezea. Kando yake kulikuwa na medali ya dhahabu aliyotunukiwa Bwana Harbottle kwa kuokoa maisha ya wafanyakazi. Watu walikuwa wamekichezea sana hadi rangi ikabanduka na mti ukaonekana. Pilling akamtuma Enoch kwa treni, na kikopo cha rangi mkononi.

Alikuta bibi mmoja mwenye glavu nyeupe akivisukuma vibehewa. Vikagusana, vikashikana.

"Jamani!" bibi yule akapiga makofi, akimgeukia mumewe. "Na katikati hakuna mtu!"

Akavitenganisha, akavisukuma tena. Enoch alingoja amalize. Kisha akavua kofia, akapiga magoti kando ya meza, na kuchovya brashi kwenye ile nyekundu.