Glasi ya Maji kwa Maame Dufie

Asubuhi ya Jumanne, katika kituo cha wasioona cha Kumasi, Ghana, Serwaa Boahen alikuwa amevaa hedifoni, kompyuta ikimsomea sheria ya ardhi kwa Kitwi, lugha ya kwao. Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito na ya upole, ila ilikuwa na kasoro moja. Ilisema, "Shamba la ukoo," ikanyamaza. Kimya kikakaa hapo kiasi cha mtu kumaliza kumenya chungwa, ndipo ikamalizia, "haliuzwi na mtu mmoja."

Kasoro hiyo ilikuwa imemponza Serwaa. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa wakalimani wa mahakama akaanguka, si kwa kutojua, bali kwa kuwa muda ulimwishia huku sauti imenyamaza katikati ya swali. Mtihani wa mwaka huu ulikuwa keshokutwa, tena ndio wa mwisho kwake, maana mwakani angekuwa amepita umri unaoruhusiwa.

Fundi Opoku, wa kampuni iliyotengeneza sauti hiyo, alikuwa akihangaika nayo tangu kituo kifunguliwe asubuhi hiyo. Alipunguza kasi, akaiongeza, akaing'oa programu na kuiweka upya. Sauti iliendelea kunyamaza inapotaka.

"Ni mikato tu, dada. Kompyuta ikikuta mkato inapumzika."

"Si umeifuta yote?"

"Basi labda bado inaikumbuka."

Serwaa aliongeza sauti hadi mwisho, akakisikiliza kile kimya chenyewe. Watu wengi hawasikilizi kimya, wanangoja kipite. Ndani yake alisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, kisha mtu akimeza mate ambayo hayapo.

"Huyu mama ana kiu," alisema.

Opoku hakubisha. "Inawezekana."

"Ni nani?"

"Maame Dufie. Alikuwa akiuza vitambaa kule Mampong. Alikuja tukamrekodi kutwa nzima. Akafariki kabla sauti haijatoka."

"Alipofika mlimpa maji?"

"Dada, kile chumba kimejaa mitambo. Maji hayaingii."

"Hata mlangoni?"

Kwetu mgeni hupewa maji kwanza, hata akiwa ni askari aliyekuja kukukamata. Akishakunywa ndipo anaulizwa kilichomleta. Hawa walimkalisha mama wa watu asome mamia ya sentensi na koo kavu. Naona aibu hata kulisimulia.

Opoku akaleta glasi ya maji, akaiweka mbele ya skrini. Sauti ikasoma neno moja, ikanyamaza.

"Umeiweka kwa mkono gani?" Serwaa aliuliza.

"Wa kushoto. Wa kulia nimeshikia kipanya."

"Na kwenu mgeni anapewa maji kwa kushoto?"

Opoku akaiondoa glasi, akairudisha kwa mkono wa kulia na kuomba radhi. Maji yakashuka hadi nusu. Matone machache yakadondoka sakafuni, ya wale waliotangulia. Kisha Maame Dufie akaisoma sheria ya ardhi mwanzo hadi mwisho bila kusita, na Serwaa akacheka kwa furaha mpaka hedifoni ikamvuka.

Siku ya mtihani, msimamizi, Mzee Ampofo, alimsimamisha mlangoni na glasi yake ya maji.

"Maji hayaruhusiwi karibu na kompyuta."

"Si yangu, mzee. Ni ya mgeni."

"Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

"Ndani ya kompyuta. Hajapewa maji tangu afike."

Mzee Ampofo alilitazama bango la katazo, alilolibandika mwenyewe, kisha akaitazama glasi.

"Sasa si mngesema mapema?" alisema, kama mtu aliyefumaniwa.

Akaichukua, akaipeleka kwa mkono wa kulia, ameinama kidogo. Watahiniwa wengine wasioona waliposikia, nao wakadai. Mzee akazunguka ukumbini na jagi. "Karibu, mama," aliiambia kila kompyuta.

Serwaa alimaliza kabla ya kengele. Matokeo yalipotoka, yeye alikuwa wa kwanza, na wenzake wote wasioona walikuwa wamefaulu. Kituoni walitwanga fufu ya mihogo na ndizi, wakachinja mbuzi, wakacheza hadi majirani waliokuja kulalamikia kelele wakacheza nao. Serwaa alicheza na hedifoni shingoni, ili Maame Dufie naye aisikie sherehe.

Mzee Ampofo hakulibandua bango lake. Kampuni imetangaza kwamba wataalamu wake wameondoa tatizo la kimya. Kwenye programu yao sauti bado inaitwa Mwanamke wa Pili, na jina la Maame Dufie haliko popote. Wiki hii wamemwita mzee mmoja wa Techiman awarekodie sauti ya kiume. Opoku anasema alifika na vumbi la safari, akaingizwa chumbani moja kwa moja.

Serwaa, ambaye siku hizi ni mkalimani wa mahakama, amekwishanunua glasi ya pili.