Ametoka Sasa Hivi

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi wa magari alilegeza nati ya distributa, kile kigawa cheche cha injini, kwa spana namba kumi, akaizungusha polepole, jicho lake likiwa kwenye alama ya chaki aliyoichora kwenye puli ya injini. Taa ndogo ya kupimia ilichelewa kuwaka.

"Moto wako unachelewa, dada," alisema. "Pistoni inafika juu, inangoja weee, ndipo cheche inakuja. Kama mgeni wa harusi anayekuja kula tu."

"Si nilikwambia tangu mwezi jana?" alisema mshonaji. "Kila nikienda kwa mdogo wangu nakuta ameshatoka."

Gari lilikuwa kuukuu, la milango miwili, la marehemu baba yake. Mdogo wake alibaki na nyumba. Vyumba viwili vya nyuma baba alisema ni vya mshonaji, na humo ndimo alimolala na cherehani yake mpaka mdogo wake alipobadilisha kufuli. Karatasi ya vyumba hivyo ilihitaji sahihi ya mdogo wake, au hata dole gumba, kabla Ijumaa haijaisha. Baada ya Ijumaa nyumba nzima ingekuwa kwa jina la mtu mmoja. Mshonaji alikuwa ameshakwenda mara saba na karatasi na kidau cha wino, na mara zote saba wifi yake alikuwa mlangoni akikunja nguo.

"Ametoka sasa hivi, wifi. Mmepishana pale kona."

"Kona ile ile ya kila siku?"

"Kona ni moja, wifi. Nikuchongee nyingine?"

Fundi aliwahisha moto kwa upana wa ukucha, akakaza nati, akapanda na mshonaji ili kulijaribu gari barabarani. Walifika Jumapili, siku moja kabla ya kuondoka. Nguo zilikuwa bado mbichi kwenye kamba.

"Ametoka sasa hivi," alisema wifi. Mezani palikuwa na chai inayofuka moshi. Mshonaji aliinywa yote, akarudisha kikombe kwa kishindo.

"Mmewahi," wifi alisema, "ila hamkumwahi."

Maneno hayo yalimkera fundi kuliko mwenye gari. Alikuwa ameshika spana miaka arobaini na hakuna mtu aliyewahi kuishinda injini yake kwa miguu. Alifungua boneti palepale, akawahisha tena. Sasa injini iligonga kama mtu anayedai mlangoni. Walifika siku ya msiba wa baba. Mabenchi yalikuwa yamejaa uani, na jirani mmoja akawaambia mdogo mtu ametoka sasa hivi, kafuata viti. Mshonaji alikaa kidogo, akamlilia baba yake mara ya pili, kisha akarudi garini.

"Zungusha," alisema.

"Dada, hii injini itapasuka."

"Fundi, nimesema zungusha."

Fundi alizungusha distributa mpaka ikagota.

Walifika asubuhi moja ya zamani. Mwaka huo gari lenyewe lilikuwa bado halijatengenezwa, kwa hiyo fundi hakulizima. Alihofia likikataa kuwaka asingepata spea. Nyumba ilikuwa na rangi mpya. Mtoto wa kike wa miaka sita alipita barazani na mkeka wake kichwani, akielekea vyumba vya nyuma. Alikuwa ameambiwa ahamie huko. Mshonaji aliukumbuka ule mkeka. Hakumsemesha.

Mlangoni alisimama mkunga, anafuta mikono.

"Ametoka sasa hivi," alisema.

Safari hii mshonaji aliingia ndani. Mdogo wake alikuwepo, amefungwa kitenge, mwekundu, anapiga mwayo. Mshonaji alitoa karatasi, akafungua kidau cha wino, akautafuta mkono wa kulia. Ulikuwa umefumbwa, na dole gumba limo ndani ya ngumi. Alijaribu kwa upole, kisha bila upole. Mtoto akapiga kelele, ngumi ikazidi kukaza.

"Mwache mwenzio," alisema mama yake kutoka kitandani. Alikuwa amemtambua binti yake mwenye mvi kwa namna alivyosukuma mlango. "Atakupa akikua."

"Mama, ameshakua."

"Basi wewe si ndiye mkubwa? Vumilia."

Mshonaji alifunga kidau chake. Njia nzima ya kurudi fundi aliisikiliza injini.

Karakanani, fundi alirudisha distributa mahali pake, alama kwa alama. Taa iliwaka wakati wake hasa. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Iko sawa, dada. Nikwambie ukweli, hata ule uchelewaji ulikuwa mdogo sana. Haukutosha kumkosa mtu."

"Najua," alisema mshonaji.

Ijumaa alikwenda peke yake, akafika saa nne kamili kama alivyopanga. Wifi yake alikuwa mlangoni, anakunja nguo.

"Ametoka sasa hivi, wifi."

"Bado amefumba mkono?"

Wifi alinyoosha shati, akalikunja mikono, wa kulia kwanza.

"Amefumba," alisema, akachukua shati lingine.