Neno la Dereva Pan

Mdomo wa Pan Chin-fa haukufunguka zaidi ya upana wa kidole kimoja. Miaka thelathini ya kutafuna popoo, kokwa za kumfukuzia usingizi, huku akiendesha lori kati ya Pingtung na Taipei, kule Taiwan, ilikuwa imeyakausha mashavu yake, na sasa ulimi nao ulikuwa na saratani.

Daktari Kuo Hsiu-chen, ambaye kazi yake ni kuwalaza wagonjwa usingizi kwa dawa kabla ya upasuaji, hakumficha kitu.

"Nikikulaza kwanza, koo litalegea uache kupumua, na mdomoni hakuna pa kupitisha mpira wa hewa. Itabidi niupitishe puani, wewe ukiwa macho."

"Nilaze tu, Daktari. Mimi mwoga. Mke wangu akikwambia vingine anakudanganya."

"Mwaka juzi nilimlaza mwenzako mwenye mdomo kama huu. Hakuamka."

Pan akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi, kwenye chumba cha upasuaji, Kuo alimpulizia dawa ya ganzi puani na kooni. Pan akamshika mkono.

"Daktari, mwambie mke wangu kwamba ile..."

"Baadaye, Mzee Pan. Ukiongea utakohoa. Vuta pumzi."

Alitii. Waya mwembamba wenye kamera ukapenya kando ya uvimbe uliokuwa umekaribia kuziba njia. Pan alipovuta pumzi, koromeo likafunguka. Kuo akapita, kisha akauteremsha mpira juu ya waya. Pan akakohoa, machozi yakamtiririkia masikioni. Mstari wa pumzi ulipopanda kwenye skrini, Kuo akamlaza. Mgongo wa daktari ulikuwa umelowa jasho.

Wapasuaji walikuwa wameahidi kubakiza nusu ya ulimi. Kufikia alasiri walikuwa wameuondoa wote. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye shina.

Mkewe Pan alikuwa kwenye korido, amepakata ndara za mumewe ndani ya mfuko.

"Alisema nini kabla hajalala?"

Kuo angeweza kubuni neno.

"Alitaka nikwambie jambo, Mama. Nikamkatiza."

"Jambo gani?"

"Sikumwacha amalize. Akiamka, ataliandika."

"Huyo?" Mama alizitazama zile ndara. "Hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Yule ni mtu wa kusema."

Kuo akaketi kando yake. Muuguzi alimwita mara mbili, mgonjwa mwingine yuko tayari. Mara ya tatu akainuka.