Waya Usiotoka Nje

Aloys alizing'oa modemu moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gazeti kuukuu sakafuni. Kisha akaukata waya wa simu uliopenya dirishani, akaliziba tundu lake kwa saruji na kulilainisha kwa kidole gumba. Docteur Emérence, mkuu wa maabara, alimtazama toka mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe.

"Sasa mashine zinaongea zenyewe kwa zenyewe," Aloys alisema. "Hata neno moja haliendi inje."

Ilikuwa mwaka wa 2002, na Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi. Watu wa utawala wao walikwisha kuja mara mbili kuuliza maabara ile inaandika nini. Ilikuwa nyumba ya kupanga tu, mtaani Muhumba, ambamo Emérence alifuatilia afya ya wanawake waliobakwa vitani: damu yao, maradhi waliyoambukizwa, tiba iliyowafaa. Lakini damu haikuweza kutenganishwa na habari zake. Kijiji gani, siku gani, sare gani. Na sare zenyewe bado zilikuwa zinapita barabarani, zikinunua sigara na kusalimia watu.

"Na copie, nakala ya akiba?" Emérence aliuliza. "Moja tu. Tuiweke kwa mapadri."

"Docteur, copie ni mulango ya pili. Mulango moja utaichunga. Mbili, hapana."

Emérence akakubali. Aloys alikuwa mwalimu wa informatiki, yaani kompyuta, chuoni, na alisema kwa utulivu wa mtu ambaye maisha hayajawahi kumsuta.

Mtandao ule ukawa fahari yake. Umeme ulipokatika, betri zilishika zamu. Uliporudi, hakuna aliyekuwa ametambua kuwa uliondoka. Kila alipopita koridoni na kusikia seva ikivuma nyuma ya mlango uliofungwa, mwendo wake ulibadilika, akawa kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Siku moja radi ilizima kila kitu, naye ilimbidi afungue faili moja ahakikishe kwamba maandishi hayakuharibika. Hayakuharibika. Alipaswa kuishia mstari wa kwanza. Akasoma hadi mwisho. Lilikuwa faili la mwanamke wa kijiji cha Miti, aliyeitwa Adolphine: yaliyompata katika shamba la maharage, mbele ya baba mkwe wake, na maneno aliyoyasema mmoja wa askari huku akifunga mkanda. Aloys aliifunga mashine, akanawa mikono bila kujua kwa nini anainawa.

Wiki iliyofuata alimkuta mwanamke huyo kwenye benchi la koridoni. Alimtambua pale muuguzi alipomwita jina. Adolphine alikunja miguu ili Aloys apite na ngazi yake.

"Papa, ile kamba inapeleka maneno yetu wapi?"

"Haipeleke fasi yoyote, maman. Inabakia humu ndani."

"Hata ku radio?"

"Hata ku radio."

"Aksanti, papa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Aloys akapanda ngazi haraka, akajitia kushughulika na dari.

Mwezi wa sita wa 2004, waasi wa kwanza wakiwa wamekwisha kuingia serikali ya pamoja, wanajeshi wengine walioasi waliuteka mji. Risasi zilianzia upande wa mpakani, zikapanda vilima. Emérence alikwama kwa dada yake, ng'ambo ya mji; Aloys, aliyeishi jirani na maabara, alikuwa amekwisha kujifungia ndani yake.

"Usiguse seva," Emérence alimwambia kwenye simu. Sauti ilikuwa inakatika. "Mwezi ujao matokeo yanaenda kwa wafadhili, Ulaya. Bila ile, hawatume dawa. Unanisikia, Aloys?"

Alimsikia. Alisikia pia lango la nyumba ya jirani likivunjwa, vyombo vikikokotwa, mwanamke akisihi kwa Kishi, lugha ya kwao, kisha akinyamaza ghafla. Aliwaza kuzificha diski. Lakini akajijua: angepigwa kidogo tu, angeonyesha. Na mbele ya macho yake hakukuwa na matokeo wala dawa. Palikuwa na shamba la maharage na mtu anayefunga mkanda. Huenda mtu huyohuyo sasa yuko uani kwa jirani, na jina la Adolphine liko humu, na mtaa wa Cimpunda alikohamia, hata rangi ya mlango wake.

Akazichomoa diski mbili za seva, akaziweka kwenye kizingiti cha saruji, akazipiga kwa nyundo mpaka zikawa vipande. Vipande akavitupa chooni.

Lori likanguruma nje. Likapita. Lilikuwa limejaa magodoro na friji, na waliokalia shehena ile hawakugeuza hata shingo kuitazama maabara.

Waasi walipoondoka mjini, Emérence alirudi. Alikuta kila mashine mahali pake, hata saa ya ukutani ilikuwa ikitembea. Aloys alimweleza akiwa amesimama. Emérence alikaa.

"Wangeingia," Emérence alisema, "ningekuita mwokozi wa wale wamama. Hawakuingia." Alivua miwani. "Nilikuomba copie moja."

"Ndiyo, Docteur."

"Wafadhili wamejibu. Bila matokeo, dawa hakuna. Tutaanza upya na wale watakaokubali. Lakini mimi siwezi kuwaambia. Utawaambia wewe."

Aliwaambia, mmoja mmoja. Mmoja alimtukana. Mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Wengi walivuta tu vitenge vyao mabegani na kwenda zao. Adolphine alikuja miongoni mwa wa mwisho. Alikuwa amekonda sana. Beseni la sambaza, vidagaa vya ziwani, alilolitua uani lilionekana zito kuliko yeye.

"Yote imepotea?"

"Yote, maman. Niliivunja mimi. Niliogopa wataisoma."

"Na dawa?"

"Haitakuya."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa njia ya kwenda mahali pa mbali. "Docteur anataka niseme tena."

"Kama unataka tu."

"Niliisema mara moja. Ile mara moja ilinimaliza." Akamtazama usoni. "Donc, sasa haiko tena fasi yoyote? Hakuna mutu anaijua?"

Aloys alitazama chini. Aliijua yote, tangu mstari wa kwanza: matuta, mzee aliyeshikiliwa kichwa ili atazame, maneno yale ya mwisho. Mara nyingine yalimjia darasani, chaki ikiwa mkononi.

"Haiko, maman. Hakuna mutu."

Alishindwa kujua kama uso ule ulipata nafuu au ulipoteza kitu. Adolphine aliinama, akajitwika beseni, akakataa kusaidiwa. Langoni alisita, akawapisha wapita njia, kisha akashuka kuelekea soko la Kadutu. Punde sauti yake ikapanda kutoka chini ya kona, nyembamba, bila haraka, ikiita wanunuzi wa sambaza. Aloys alibaki uani akiisikiliza. Aliendelea kuisikia hata muda mrefu baada ya Emérence kumwita ndani mara ya pili.